Karatasi Mlangoni pa Mashine: Kisa cha Makala ya Sayansi Iliyosafiri Hadi Chamwino

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ambako ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya kata na kulea klabu ya sayansi ya wanafunzi. Kwa ukubwa wake ni kisa kidogo: karatasi moja ya manila ilibandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga, haikueleweka, ikabanduliwa, ikaandikwa upya, na ile ya pili nayo ikazua maswali ambayo hadi leo hatujayamaliza. Ninakiandika kwa urefu kwa sababu nilikuwa nimesoma majarida ya sayansi ya wasomaji wa kawaida kwa miaka mingi nikiamini kwamba kazi yake ni kurahisisha maneno magumu, na karatasi ile ilinionyesha kwamba nilikuwa nimeyasoma kwa jicho moja.

Majarida yenyewe yalitufikia ndani ya boksi. Mtu mwema aliyekuwa akihama nyumba mjini alitupa nakala zake za zamani, na wanafunzi walipolifungua walikuta humo Scientific American, New Scientist, National Geographic na Popular Science, baadhi zikiwa zimeliwa na mchwa pembeni. Ni ukoo wenye umri mkubwa. Scientific American lilianzishwa New York tarehe 28 Agosti 1845 na Rufus Porter, mchoraji na mvumbuzi, likiwa gazeti la kila wiki la habari za uvumbuzi na hataza. Popular Science lilifuata mwaka 1872 chini ya Edward Youmans, National Geographic likatoka mara ya kwanza mwaka 1888, na New Scientist likaanza London mwaka 1956. Nje ya Kiingereza, Wafaransa wamekuwa na Science & Vie tangu 1913, Wahindi wana Science Reporter tangu 1964, na Warusi wana Nauka i Zhizn, ambalo enzi za Kisovieti lilichapwa kwa mamilioni ya nakala. Wakati wanafunzi wangu wakigombania nakala za Popular Science, jarida hilo lilikuwa limekwisha kufa: liliacha karatasi mwaka 2021, na mwaka 2023 hata toleo lake la kidijitali likasimamishwa. Sikuwaambia siku hiyo.

Katika mojawapo ya nakala zile palikuwa na makala kuhusu kuvu zinazoota kwenye vyakula, na klabu iliichagua bila mjadala mrefu, kwa kuwa jambo hilo kwetu si la kusimuliwa. Katikati ya mwaka 2016 watu katika mkoa wetu na mkoa jirani wa Manyara waliugua ugonjwa wa kutapika, kuumwa tumbo na macho kugeuka manjano. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulielekeza kwenye mahindi ya kula nyumbani, yaliyokuwa na kiwango kikubwa cha sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu ya Aspergillus flavus na jamaa zake. Kuvu hiyo hushika zaidi mahindi yaliyopigwa na ukame na joto wakati punje zinajaa, kisha hupata nafasi ya pili yanapovunwa na kuhifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo mwaka huo, lakini wengi wana ndugu upande wa Chemba na Kondoa, na wanakumbuka misiba.

Tukaitafsiri makala ile. Mwandishi wake alianza kwa kumwalika msomaji afungue jokofu na kukitazama kipande cha mkate alichokisahau humo tangu wiki iliyopita. Ni mwanzo mzuri kwa mwenye jokofu. Kijijini kwetu lipo moja, la dukani, limejaa soda na maji, na mkate haujawahi kukaa wiki nzima mahali popote bila kuliwa. Wanafunzi walitafsiri kwa uaminifu hata hivyo, nami nikapitisha, nikidhani kwamba mradi maneno ni ya Kiswahili basi msomaji amekwisha kufikiwa.

Aya ya pili ya makala ilizungumzia majani yanayopukutika na kuoza, na kijana wa kidato cha tatu, ambaye alifuata kamusi hatua kwa hatua, akaandika kwamba kuvu husambaa sana "wakati wa vuli". Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili dogo limebeba nusu ya kisa kizima. Kwa msomaji wa London, neno lililotafsiriwa ni majira ya baridi inayoingia na miti inayobaki mitupu. Kwa mtu wa Tanga au Moshi, vuli ni mvua fupi za kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa Mgogo wa Chamwino vuli haipo kabisa, kwa kuwa mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kuisha Aprili, na kwa wastani wa mwaka ni kama milimita 570 tu. Kwa hiyo karatasi yetu, ambayo ilikusudiwa kumwonya mtu kuhusu mahindi aliyonayo ndani, ilimwambia kwamba hatari huja katika majira ambayo kwake hayafiki. Mzee mmoja aliisoma yote, akaniamkua vizuri, "Mbukwa, mwalimu," kisha akasema bila kejeli yoyote, "Basi hilo ni la watu wa Morogoro," akaenda zake.

Kosa la pili lilikuwa la haraka zaidi na lilitugharimu zaidi. Vile vichembe ambavyo kuvu huvitumia kuzaana, ambavyo vitabu vya shule huviita spora, tuliviita "mbegu za kuvu" ili vieleweke. Vikaeleweka. Ndani ya siku tatu palikuwa na watu waliosema shule imetangaza kwamba mbegu zina sumu, na wakala wa pembejeo akafika ofisini kwetu, mpole sana, kuuliza amemkosea nani.

Hata hivyo, kilichonifanya nibandue karatasi ile si vuli wala mbegu. Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya mashine nyuma ya bibi mmoja aliyekuja na debe la mahindi na mjukuu wake wa darasa la sita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akamwambia mjukuu amsomee kilichoandikwa mlangoni. Mtoto akasoma hadi mwisho: sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, haina ladha, haiondoki kwa kupikwa, nayo huharibu ini. Bibi alisikiliza, akashusha debe kutoka kichwani, akanigeukia.

"Haionekani, hainuki, haina ladha. Sasa ninyi mmejuaje kama ipo, mwanangu?"

Nikaanza kusema kwamba wataalamu wamethibitisha. Akanikatiza kwa upole: "Na hao wataalamu macho yao si kama haya yangu?" Kisha zamu yake ikafika, mashine ikawashwa, na hakuna aliyeweza kusikia jibu hata kama ningekuwa nalo.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Mwanzoni nililichukua kama ukaidi, jambo ambalo sasa linanitia haya, kwa sababu bibi yule hakuwa akipinga sayansi. Aliuliza swali ambalo sayansi yenyewe hujiuliza kila siku. Zaidi ya hapo, kitu kisichoonekana, kisichonuka, kinachoingia nyumbani na kuua watu wa familia moja huku jirani akisalimika si habari mpya kijijini. Kina maelezo yake ya siku nyingi, na maelezo hayo nayo huletwa na wataalamu, ambao pia husema waaminiwe kwa sababu wao wanajua. Karatasi yetu, kwa jinsi ilivyoandikwa, haikuwa na chochote cha kuitofautisha na kauli ya mganga isipokuwa muhuri wa shule.

Nilirudi nyumbani nikaisoma tena makala ya asili, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Zaidi ya nusu ya makala ile ilikuwa ikijibu swali la bibi. Ilieleza nani aliona nini kwanza, alidhani nini kimakosa, alijaribu vipi, na alijuaje kwamba amekosea. Sehemu hiyo yote haikuwamo katika tafsiri yetu kwa sababu mimi ndiye niliyewaelekeza wanafunzi waiache. Karatasi ya manila ni ndogo, niliwaambia, chukueni ujumbe tu. Kwa hiyo tulibeba jokofu, ambalo lilistahili kuachwa lilikotoka, tukaiacha hadithi ya ugunduzi, ambayo ndiyo mzigo wenyewe. Nadhani wengi wetu tunaoandika mabango ya afya na kilimo tuna ugonjwa huu. Tumezoea kumpa mwananchi hitimisho, na akiuliza njia tuliyopita tunadhani hajaelimika.

Karatasi ya pili ilichukua wiki tatu. Ilianza na ungo, na bibi anayepepeta, na punje zile zilizobadilika rangi ambazo mkono wake huziondoa bila yeye kufikiri. Baada ya hapo ilimpeleka msomaji Uingereza mwaka 1960, ambako zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyejua kinachowaua, ugonjwa ukaitwa X. Mashamba yaliyopata msiba yalichunguzwa yakaonekana yana jambo moja la pamoja: chakula cha ndege chenye mashudu ya karanga kutoka Brazili. Vifaranga wa bata walipolishwa mashudu hayo nao wakafa. Wachunguzi wakaikamua sumu kutoka kwenye mashudu, wakaitenganisha, wakaimulika kwa taa ya urujuanimno, na vipande vyake vikang'aa, vingine buluu na vingine kijani. Ndiyo sababu hadi leo aina zake zinaitwa B na G, kwa herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza. Jina la kitaalamu la sumu yenyewe, aflatoksini, liliokotwa kutoka herufi za mwanzo za Aspergillus na flavus. Kwa msomaji wa Dodoma kuna kejeli ndogo hapa ambayo sikuweza kuiacha: Waingereza hao hao walianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, wakautelekeza mwaka 1951, na miaka tisa baadaye karanga za nchi nyingine zikawafundisha jambo hili.

Hadithi ya taa ilileta mkasa wake. Mwanafunzi mmoja ana kaka ambaye ni wakala wa pesa za simu, na kaka huyo ana kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti, ambacho nacho hutoa urujuanimno. Jioni moja klabu ilijifungia stoo ya shule, ikazima taa, ikamulika mahindi yaliyovunjikavunjika, na punje moja ikatoa mng'ao wa kijani-manjano karibu na kiini. Kelele zilizopigwa zilimleta mlinzi. Walitaka karatasi mpya iandikwe kwa herufi kubwa kwamba wameiona sumukuvu kwa macho yao, na ilinibidi niwaambie kwamba hawakuiona. Mng'ao wa namna hiyo juu ya punje hutokana na kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu hiyo, kinachobadilika kikikutana na kimeng'enya cha punje bichi. Unaashiria kwamba kuvu ilipita hapo, lakini hauthibitishi kwamba sumu ipo wala kiasi chake, na punje isiyong'aa inaweza kuwa nayo. Kilichong'aa kule Uingereza ni sumu iliyokwisha kukamuliwa na kutenganishwa. "Kwa hiyo mwalimu, hatukuona kitu?" akauliza mwenye taa. Nikamwambia ameona nyayo, mnyama hajamwona. Tuliyaandika hayo pia kwenye karatasi, pamoja na furaha yao na masahihisho yake, na ninaamini aya hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki katika mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni za sumukuvu zote kwa pamoja, na neno bilioni kwa msomaji wetu ni neno la bajeti ya serikali. Majarida makubwa yana ufundi wa pekee hapa: hayaachi namba ikae peke yake. Tukapiga hesabu. Gunia la kilo 100 kwa kiwango hicho lina miligramu 1 ya sumu. Rasimu ya kwanza ilifananisha miligramu hiyo na chembe chache za chumvi, nasi tukaifuta mara tulipotambua kwamba chini kidogo ya karatasi hiyo hiyo tunaeleza kipimo cha unyevu kwa kutumia chumvi, na kuna mtu angehitimisha kwamba chumvi huua sumu. Badala yake tukaandika: chukua punje moja ya uwele, igawe mara kumi, kipande kimoja kitie ndani ya gunia zima. Punje ya uwele ina miligramu kama 8 au 10, hivyo mfano unasimama. Na kwa kuwa sumu haikai sawasawa guniani, punje chache zikiweza kubeba sehemu kubwa na maelfu zikawa safi, tukamkumbusha msomaji jinsi wanunuzi wa soko la Kibaigwa wanavyochoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini kabla ya kutaja bei. Mpimaji wa sumukuvu hufanya vivyo hivyo, kwa sababu ile ile, kisha husaga na kuchanganya alichokitoa.

Kipimo cha chumvi chenyewe tulikifanya hadharani, nje ya mashine, siku ya kubandika. Chupa ya soda ya nusu lita iliyokauka kabisa, kiganja cha mahindi, kijiko cha chumvi iliyokaangwa hadi ikakauka. Ukitikisa na kuiacha chupa itulie kama robo saa, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayajafaa kuwekwa ghalani. Ikianguka chini yote na kuziacha kuta safi, yamekauka kupita kiwango hicho. Chupa ya kwanza, ya mahindi ya shule, ilibaki safi. Ya pili, ya mwenye mashine mwenyewe, ilitoka nyeupe kama iliyopakwa chokaa, naye akacheka kwa sauti kuliko wote, kisha jioni nikaona ametandika turubai.

Kuhusu kupika tulitumia kipimajoto cha maabara. Maji ya Dodoma huchemka karibu na nyuzi 96, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari (wanafunzi walidhani kipimajoto ni kibovu), na sumu hii huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike vizuri. Hakuna sufuria ya ugali inayofika huko.

Penye ugumu wa kweli ni dona. Sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Lakini kwenye zahanati, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, akina mama hufundishwa kwamba dona ni bora kuliko sembe, na ni kweli, kwa sababu virutubisho vingi viko kwenye ganda na kiini hicho hicho. Karatasi yetu ikisema kobolesha, inagombana na muuguzi; ikisema sagisha dona, inanyamazia tunachokijua. Nilishawishika kuliacha jambo hili nje ili karatasi iwe safi, na baadhi ya walimu wenzangu walinishauri hivyo. Tuliliandika kama lilivyo: mahindi yaliyokaushwa mapema na kuchambuliwa vizuri yanafaa kwa dona, na ambayo huna uhakika nayo ni afadhali kuyakoboa, japo utapoteza virutubisho. Muuguzi alikuja kuisoma, akakaa kimya muda mrefu, akaomba nakala.

Mwenye mashine naye alikuwa na neno. Karatasi ya kwanza, alisema, iliwafukuza wateja. Ya pili inawachelewesha, kwa kuwa wanasimama kusoma wakati zamu yao imefika, na wengine wanataka mahindi yakobolewe kwanza, kazi ambayo ni bei nyingine na muda mwingine. Tulikubaliana tuihamishe ukutani, pembeni ya mlango.

Bibi alirudi wiki iliyofuata. Safari hii alisomewa yote, akasimamisha usomaji mara mbili kwenye habari za bata mzinga ili mtoto arudie, akauliza bata mzinga ana ukubwa gani. Kuhusu taa na wachunguzi hakusema lolote. Mahindi yake yalikobolewa, unga ukajaa ndooni, na pumba zikakusanywa kwenye kiroba kama kawaida, kwa kuwa ndizo chakula cha kuku wake. Alikinyanyua kiroba, akakishusha.

"Mwalimu, umesema sumu inakaa kwenye ganda."

"Ndiyo, bibi."

"Na hao ndege wa Wazungu walikufa kwa chakula."

Nikaitikia. Akanionyesha kiroba kwa kidole. "Sasa hizi nampa nani?"

Klabu imeanza kuandika karatasi ya tatu. Kiroba cha pumba kilibaki pale pembeni mwa mashine hadi jioni, na kesho yake asubuhi mwenye mashine akaniambia hajui aliyekichukua.